Kibuyu Kimoja, Hukumu Tatu

Msafiri akishavuka Mto Pangani kwa kivuko na kuteremkia Bweni, barabara ya kusini humfikisha Mwera. Ni nchi ya minazi na mkonge. Alfajiri mgema hupanda mnazi na kotama kiunoni, akakata ncha ya kole changa ambalo bado limejifunga ndani ya karara, kisha akatungika kibuyu, siku hizi mara nyingi dumu la plastiki, kukinga matone. Kinachoteremshwa asubuhi hiyo ni tembo tamu, kinywaji cha mtoto na mzee. Kikiachwa hadi jioni huchemka chenyewe bila moto, povu likapanda, na aliyekunywa akaanza kusema asiyoulizwa. Kikisahauliwa pembeni mwa jiko wiki kadhaa, huwa siki ya kutia kwenye kachumbari.

Kwa mwanafunzi wa fiqhi ya Imamu Shafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, kibuyu hicho kimoja kimepitia hukumu tatu. Asubuhi kilichomo ni halali. Jioni ni haramu, tena ni najisi. Baada ya wiki kadhaa ni halali na tohara, na chombo chake kimetoharika pamoja nacho. Mafaqihi wakaweka na sharti: siki iwe imegeuka yenyewe. Kukitoa chombo kivulini na kukiweka juani hakudhuru, lakini mtu akitumbukiza kitu ndani ili kuharakisha, hukumu haibadiliki.

Waliyasema hayo karne nyingi kabla Louis Pasteur hajaonyesha, katikati ya karne ya 19, ni nani hasa anayefanya kazi ndani ya kibuyu. Kwanza huja hamira ya porini, kiumbe cha seli moja tu, ikala sukari na kutoa kileo. Kisha huja bakteria wa siki, wakakichukua kile kileo na kukifanya asidi. Mgema hageuzi kitu. Anakinga tu, anangoja, na kujua lini ateremshe.

Katika miaka hamsini hivi iliyopita, binadamu ameacha kungoja. Amejifunza kuingia ndani ya kijidudu na kukiandikia kazi ambayo hakikuumbwa nayo: tengeneza dawa hii, tengeneza rangi ile, tengeneza malighafi ya plastiki. Wanaoitaka teknolojia hii wanaisifu kwamba itapunguza kiu ya dunia ya mafuta ya petroli. Lakini mtu aliyelelewa kwenye kibuyu kile cha hukumu tatu ana haki ya kuuliza maswali yake. Je, kitokacho humo ni safi? Je, ni kuingilia kazi ya Muumba? Na faida yake ni ya nani?

*

Wapo watakaodhani kwamba hayo ni mambo ya ughaibuni na ya kesho. Mama wa Mwera anayempeleka mwanawe kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, ameshaingia ndani ya mambo hayo bila kuambiwa. Ndani ya chanjo ile ya pamoja inayodungwa pajani mwa mtoto mna kinga ya homa ya ini B, na kinga hiyo hutengenezwa na hamira, ndugu wa ile ya kuumulia maandazi, iliyopewa jeni moja ya kirusi cha ugonjwa huo. Hamira huunda kipande cha gamba la kirusi tu. Kirusi kamili hakimo.

Mgonjwa wa kisukari naye yumo. Kwa miaka sitini tangu insulini ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921, dawa hiyo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Ili kupata gramu 225 hivi za insulini iliyosafishwa, zilihitajika zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe. Muislamu aliyedungwa dawa ile alidungwa kwa ruhusa ya dharura: uhai hutangulia. Mwaka 1978 watafiti wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope huko California waliyaunda kwa kemia, herufi moja baada ya nyingine, maagizo ya vinasaba yanayoufundisha mwili wa binadamu kutengeneza insulini, wakayapachika ndani ya bakteria aitwaye E. coli. Bakteria huyo akipata chakula na joto la kumtosha hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mtoto wake hurithi maagizo yale. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini hiyo kuuzwa. Nguruwe akatoka kwenye chupa, na ile hoja ya dharura ikakosa kazi.

Baada ya dawa zikafuata kemikali za viwandani. Mwaka 2006, mjini Loudon katika jimbo la Tennessee, kampuni za DuPont na Tate & Lyle zilianza kuwalisha bakteria sukari ya mahindi ili watoe propanedioli, malighafi ya nyuzi za mazulia na nguo. Njia ya zamani ilianzia kwenye petroli. Tofauti ya njia hizo mbili ni rahisi kueleza. Petroli ni kaboni iliyolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Ikitolewa na kuchomwa huenda angani na kubaki huko, ikiongeza joto la dunia. Kaboni ya sukari imetoka angani msimu uliopita tu, mmea ukaivuta kwa majani yake. Tena bakteria anafanya kazi katika joto la mwili wa mtu, ndani ya tangi la maji, wakati mitambo mingi ya petroli hudai mamia ya nyuzi za joto.

*

Swali la kwanza, la usafi, ndilo linaloulizwa mapema zaidi misikitini, na lina njia yake ya kujibiwa. Wanazuoni huita istihala pale kitu kinapogeuka dhati yake na kuwa kitu kingine. Wafuasi wa Abu Hanifa huupanua mlango huo: najisi ikigeuka kweli kweli, hukumu yake nayo hugeuka. Mashafii huubana: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi iliyodibaghiwa, na machache mengine. Mwaka 1995, katika semina ya wanazuoni na madaktari iliyofanyika Kuwait, wajumbe waliikubali jelatini ya nguruwe kwa hoja ya istihala. Mashafii wengi hawakuridhika.

Lakini kijidudu kilichoandikiwa jeni hakiingii sawasawa katika mlango huo, kwa sababu hakuna kilichogeuka. Insulini ya bakteria haikuwahi kuwa nguruwe. Chukua jibini. Tangu kale maziwa yaligandishwa kwa kimeng'enya kilichotolewa kwenye tumbo la ndama, na mlaji alipaswa kujua ndama yule alichinjwa vipi. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kimeng'enya kilekile, kaimosini, kitengenezwe na vijidudu vilivyopewa jeni ya ndama. Ndama mwenyewe hayupo. Kilichopo ni habari iliyonakiliwa kutoka kwake.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. Je, habari inaweza kuwa najisi? Mtu akiandika kwenye karatasi namna ya kupika nyama ya nguruwe, karatasi ile haihitaji kuoshwa mara saba. Jeni nayo ni maandishi, na mara nyingi siku hizi huundwa na mashine kutokana na herufi zilizo kwenye kompyuta, bila tone la damu ya mnyama yeyote. Atakayesema jeni ya mnyama haramu ni haramu kwa kuwa tu ina asili yake, itabidi aeleze la kufanya na ukweli kwamba jeni nyingi za msingi za nguruwe, za binadamu na za hamira zinafanana sana. Muumba ametumia alfabeti moja kwa viumbe vyote.

Hiyo haimaanishi kwamba swali la usafi limekwisha. Limehama, kutoka kwenye jeni hadi kwenye chakula. Desemba 2000 Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ya Mashafii kama pwani yetu, lilitangaza kwamba kiungo cha Ajinomoto ni haramu. Kiungo kile hutengenezwa na bakteria wanaokula sukari. Sukari haikuwa na neno. Ila katika hatua ya kutunza mbegu ya bakteria, kiwanda kilitumia lishe ya soya iliyosagwa kwa msaada wa kimeng'enya cha nguruwe. Rais wa nchi wakati huo, Abdurrahman Wahid, ambaye mwenyewe alikuwa mwanazuoni, alisema kwa maoni yake ni halali kwa kuwa nguruwe hayumo katika kinachouzwa. Baraza halikurudi nyuma. Kampuni iliondoa bidhaa madukani na kubadilisha lishe.

Kesi hiyo ina mafunzo mengi kuliko fatwa nyingi za jumla. Inaonyesha kwamba muumini ana haki ya kujua kijidudu kinakula nini, kinalelewa wapi na kinasafishwa vipi, na kwamba sauti yake ikipangwa vizuri hubadilisha kiwanda. Kwa kipimo hicho, kemikali inayotokana na hamira inayokula sukari au majani inapita mtihani wa kwanza bila shida kubwa.

*

Swali la pili ni zito zaidi kwa hisia kuliko kwa hoja. Kuna aya katika Sura An-Nisaa, ya 119, inayotaja kugeuza umbile la Mungu miongoni mwa mambo ambayo shetani atawaamrisha watu. Mhubiri wa Kikristo naye ana hadithi ya mnara wa Babeli. Wote wawili wanasikia neno uhandisi jeni na kuona mkono wa mtu ukifika mahali ambapo haukualikwa.

Asimame basi mhubiri huyo pembezoni mwa shamba la mkonge la Mwera, atazame. Mmea ule si wa hapa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Hadithi inayopendwa Tanga husema ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. La mamba msomaji analiamini akipenda. Linalojulikana ni kwamba iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapahapa Pangani. Kutokana na miche hiyo michache, ambayo huzaa vikonyo vinavyofanana kabisa na mama yao, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa katani duniani, na mwaka 1964 ilitoa tani 230,000 hivi.

Kisha binadamu hakuridhika. Watafiti wa Amani, milimani Usambara, na baadaye wa kituo cha Mlingano wilayani Muheza, walichanganya aina moja ya mkonge na nyingine, wakarudia tena na tena, hadi wakapata chotara mwenye majani mengi zaidi. Hakupewa jina. Alipewa namba: 11648. Amepandwa hadi China. Kila anayekata jani lake leo anakata kiumbe ambacho hakikuwepo kabla ya mikono ya watu kukipanga, na hakuna sheikh wala padri aliyewahi kuikataza kamba iliyosokotwa kwa singa zake.

Kwa hiyo kubadilisha viumbe peke yake hakuwezi kuwa ndiko kunakokatazwa, ama sivyo kilimo chote kingeanguka pamoja na ng'ombe wa maziwa na mahindi yenyewe. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu duniani, lililokutana Makka mwaka 1998, lilikwenda njia ya katikati: uhandisi jeni unaruhusiwa katika tiba na katika kilimo na mifugo, madhara yakizuiwa, na unakatazwa pale unapochezea utu wa binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alisema ni vigumu kutoa hukumu moja ya jumla juu ya viumbe vilivyobadilishwa jeni. Alichokitilia wasiwasi ni ardhi na nguvu kukusanyika mikononi mwa wachache.

Madhara nayo hayalingani kila mahali. Serikali ya Tanzania ilisimamisha majaribio ya mbegu za uhandisi jeni mwezi Novemba 2018, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo, Adolf Mkenda, akayafuta. Mbegu hupandwa mahali wazi, chavua yake hupeperushwa na upepo, na mkulima jirani hana ukuta wa kuizuia. Hamira ya kiwandani hukaa ndani ya tangi la chuma, na inayotoka huuawa kwa mvuke kabla ya kumwagwa. Hata hivyo matangi hupasuka na wafanyakazi husahau valvu. Mtu mwenye dini anayedai sheria kali na wakaguzi wa kweli haonyeshi hofu ya sayansi kwa kufanya hivyo. Anatekeleza lile la kuzuia madhara, ambalo mafaqihi waliliweka mbele ya kutafuta manufaa.

*

Likabaki swali la tatu, na hilo Mwera inalijua kwa uzoefu wake yenyewe.

Jani la mkonge likishakatwa na kufungwa matita, hupelekwa korona. Hilo ndilo jina ambalo watu wa mashambani huita kiwanda cha kuchanilia, lililorithiwa kutoka mashine za zamani za Kijerumani zilizoitwa Corona. Ngoma mbili zenye visu butu huliponda jani, maji yakimwagwa juu yake, na upande wa pili singa hutoka nyeupe zikielekea kwenye waya za kuanikia. Zile singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zilizobaki, nyama ya kijani na maji yenye harufu kali ya kuwasha pua, hutupwa. Kwa miongo mingi, katika korona nyingi za Tanga, maji hayo yalitiririshwa mitoni, na yakifika mtoni hunyonya hewa ya samaki.

Ndani ya taka hizo mna mali. Mwaka 1951 wakemia wa London, miongoni mwao John Cornforth aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1975, walionyesha kwamba maji ya mkonge wa Afrika Mashariki yana hekojenini, kitu kinachoweza kuwa mwanzo wa kutengeneza kotisoni, dawa ya uvimbe na baridi yabisi. Kampuni ya Glaxo ikajenga kazi juu yake. Namna ya kuipata ingemfanya mgema atabasamu: maji ya jani yaliachwa yachache kwa siku saba hivi, vijidudu vya kawaida vikifanya sehemu ya kazi ya kuitenganisha hekojenini na sukari iliyoishikilia, kisha tope lililozama likapikwa kwa mvuke. Taka za korona zikawa dawa hospitalini Ulaya.

Biashara hiyo haikudumu katika ukubwa wake. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn nchini Marekani waligundua kuvu anayefanya kwa hatua moja kazi ngumu kuliko zote katika kutengeneza kotisoni, na tangu miaka ya 1970 bakteria walianza kulishwa vitu vilivyochujwa kutoka mafuta ya soya na kutoa malighafi ya dawa hizohizo kwa bei nafuu. Soko likahamia kwenye soya. Hakuna aliyemwibia mtu. Kijidudu kilichofunzwa kazi upande mmoja wa dunia kimefunga mlango upande mwingine, na waliokuwa wakichanja mkonge hawakupewa hata habari.

Hadithi hiyo imerudiwa kwa malaria. Artemisinini, moyo wa dawa mseto inayomezwa kila kijiji cha pwani, hutolewa kwenye mmea wa artemisia, na wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda waliulima kwa ajili hiyo. Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake waliifunza hamira kutengeneza asidi ya artemisini, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuitoa kwa wingi huko Garessio, Italia. Wengi walitabiri kwamba mkulima amekwisha. Ikawa kinyume: bei ya artemisinini ya shambani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo, ya hamira ikihitaji dola 350 hadi 400 ili isiingie hasara, na kiwanda kikauzwa. Mkulima alishinda safari hiyo kwa kuuza kwa bei ambayo nayo haikumnenepesha. Mgonjwa alipata dawa. Nani asherehekee?

Na vijidudu vyenyewe vinatoka wapi? Mara nyingine vinatoka kwetu. Katika ziwa Bogoria na maziwa mengine ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, watafiti wa kigeni walichukua mwanzoni mwa miaka ya 1990 bakteria waliozoea maji makali, na vimeng'enya vyao vikaishia kwenye sabuni za kufulia na kwenye kupausha jinzi, chini ya kampuni ya Genencor. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Miaka mitatu baadaye shirika hilo lilitia saini na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, mkataba unaotambua tangu mwanzo kwamba kijidudu kina nchi. Kati ya matukio hayo mawili hakuna tofauti ya kisayansi. Kuna tofauti ya makubaliano tu.

Ipo pia sura njema ya jambo hili, na haifai kufichwa. Wajenzi wa majahazi wa pwani hii walipaka mbao zao sifa, mafuta yatokayo kwenye ini la papa. Mafuta hayohayo yana skwaleni, ambayo viwanda vya vipodozi vimekuwa vikiitafuta kwa wingi, na papa wamelipa. Sasa sehemu ya bidhaa hiyo inatokana na hamira inayokula sukari ya miwa ya Brazili. Hakuna wa kudai kwamba jarife za wavuvi wa Kigombe, pwani ya Tanga, zilitegwa kwa ajili ya krimu za Ulaya. Lakini ni jarife hizo za papa ambazo katika miaka ya 2000 zilimpandisha silikanti, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Kila papa anayeachwa kilindini kwa sababu tangi la hamira limechukua nafasi yake ni hesabu njema, kwa dini yoyote ile.

*

Waandishi wa sayansi hupenda kuviita vijidudu hivi viwanda vidogo. Mtu wa Mwera ana neno la karibu zaidi: manamba. Ndivyo walivyoitwa wafanyakazi walioletwa kwa mikataba kutoka bara kuja kukata mkonge, kila mmoja akijulikana kwa namba yake kabla ya jina lake. Bakteria wa maabara naye ana namba, anakula alichopangiwa, anafanya kazi moja hadi mwisho wa zamu, kisha anauawa kwa mvuke. Kwake si dhulma, maana hana utambuzi wa kuonea uchungu. Ila neno lile linakumbusha jambo ambalo wanafalsafa wa Ulaya wanaweza kulipita bila kulitazama: kila mara uzalishaji ulipopata mfanyakazi asiyelalamika, kulikuwa na mwingine pembeni aliyenyamazishwa. Amana ambayo dini zote mbili za Tanga zinamkabidhi binadamu juu ya viumbe haimhusu bakteria zaidi ya inavyomhusu jirani wa mto.

Hukumu inayotokana na yote haya haiwezi kuwa ya neno moja. Kitokacho kwenye tangi ni halali ikiwa lishe yake ni halali. Kuandika jeni si kushindana na Muumba zaidi ya kupandisha chotara 11648. Lakini kazi hiyo inageuka kuwa khiyana pale anayeifanya anapochukua kijidudu bila kusema, anapokilisha sukari iliyolimwa kwenye shamba alilonyang'anywa mtu, au anapomfungia mkulima soko bila kumwonya. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: kampuni inayoitwa mkombozi wa tabianchi kabla ya kukaguliwa itafanya vivyo hivyo.

Tanga imeshaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Pale Hale, wilayani Korogwe, Katani Limited kwa msaada wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa ilijenga mtambo wa majaribio ambamo taka za korona ziliingizwa matangini, bakteria wa kawaida wakazichachusha bila hewa na kutoa gesi ya kuendesha jenereta za kilowati 300. Hakuna jeni iliyoandikwa pale. Lakini tangi lilijengwa, taka zipo na ujuzi upo, na hatua ya kutoka gesi hadi kemikali yenye bei haihitaji ekari moja ya ziada ya ardhi.

Serikali iliweka lengo la kuzalisha tani 120,000 za katani kwa mwaka. Kwa hesabu ya jani, hizo ni tani milioni 3 za majani, na karibu milioni 2.9 kati yake ni taka. Kabla mwekezaji yeyote hajafika na hamira yake yenye namba, Bodi ya Mkonge, watafiti wa Mlingano, masheikh, mapadri na wakulima wadogo wa Pangani na Korogwe wakae meza moja waandike masharti: kijidudu ni cha nani, kinakula nini, maji yake yanamwagwa wapi, na katika kila tani ya kemikali itakayouzwa, mwenye jani anapata shilingi ngapi.